Tarishi Mwenye Mkia

Jumatatu, 4 Machi

Sijamwambia mtu, hata mto wangu: nimeng'atwa na mbwa kalioni. La kushoto. Meno manne, damu kidogo, aibu ndoo nzima.

Na mpango ulikuwa mzuri! Nimemwandikia barua binti wa muuguzi, tunasoma darasa moja. Kuongea naye siwezi, ulimi unageuka soksi. Basi nikamfundisha utarishi mbwa asiye na mwenyewe, yule wa nyuma ya bucha. Siku tatu za mabaki ya nyama. Leo nimemfunga barua shingoni kwa uzi wa Mama. Akanitazama kama hanijui. Nikageuka nikimbie. Wapi!

Barua kaondoka nayo.

Sina wasiwasi. Kichaa cha mbwa ni cha mbwa, jina lenyewe linasema. Cha kuogopwa na watu ni rebizi, ile ya baiolojia, tunayosoma kwa Kiingereza. Nilipata kumi kwa kumi. Hiyo ni ya vitabuni.

Jumanne, 5 Machi

Suruali nimeishona mwenyewe. Darasani nimekalia kalio la kulia kutwa nzima. Mwalimu akauliza kama najiandaa kupaa.

Tarishi haonekani. Mwenye bucha anasema tangu jana alikuwa anadondosha mate na kung'ata hata magurudumu ya baiskeli. Maskini. Labda barua imemkwama kooni.

Jumatano, 6 Machi

Nimekamatwa! Mama ni fundi cherehani. Kaokota suruali, kaitazama mara moja tu, akasema huo si mkono wake. Nikasema ni msumari. Akauliza ni msumari gani una meno manne. Zahanati, mbio, yeye na ndara zake za ndani.

Na zamu ya nani? Mama yake binti! Akauliza nimeng'atwa wapi. Nikasema nyuma. Nyuma wapi? Nyuma ya bucha. Mama akanishusha suruali bila kuomba ruhusa. Muuguzi akasema nisione haya, nusu ya mtaa huu anawajua kwa upande huo.

Akaniosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba, dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Chini ya saa kuna bango: kichaa cha mbwa. Chini yake, kwa Kiingereza: rebizi. Ugonjwa mmoja! Kumi kwa kumi, na sikujua nilichojibu.

Kisha akaeleza, nami nikasahau hata kwamba niko uchi. Kirusi kinatoka kwenye mate ya mnyama, kinaingia kidondani, kinashika neva na kupanda taratibu kuelekea ubongoni. Dalili zikishaanza, hakuna dawa, mtu anakufa. Lakini kabla hakijafika, chanjo inaufundisha mwili kukizuia, na kinga nyingine inachomwa palepale kwenye kidonda. (Palepale! Mara nne!) Yaani ndani yangu kuna kitu kidogo kuliko vumbi, kinatembea, na jeshi zima linakimbia kukiwahi. Na sabuni, hii hii ya kufulia soksi, inakichania koti lake la mafuta!

Mama akauliza kama tumewahi. Akauliza tena. Muuguzi akasema tumewahi, ila ilifaa nije Jumatatu ile ile, na nisiruke sindano hata moja. Mama hakunigombeza. Alinishika mkono tu, machozi yanamtoka bila sauti. Bora angenigombeza.

Muuguzi aliendelea kidogo kuhusu paka, popo, nyani, na kuchanja mbwa kila mwaka. Mimi nilikuwa bado naliwaza lile koti.

Jumamosi, 9 Machi

Sindano ya pili, begani. Muungwana kabisa.

Binti alikuwa mlangoni mwa zahanati. Akaniuliza naendeleaje. Nikajibu, "Nyuma."

Nyuma! Basi, barua ni lazima. Nimeandika mpya. Na tarishi mpya yuko chini ya kitanda changu: paka wa jalalani, macho ya kijani, mpole. Nilipomfunga uzi kaning'ata kidole, kidogo tu, nimekifuta kwenye shati. Sina wasiwasi. Kichaa ni cha mbwa, na huyu ni paka, jina lenyewe linasema. Muuguzi aligusia jambo kuhusu paka. Nitalikumbuka baadaye.

Ndara za Mama, hizo zinakuja. Zimesimama mlangoni. Paka, nyamaza! Naficha ukurasa chini ya paka.