Daktari Anauliza Mno

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimenyang'anywa wembe! Mimi! Kinyozi wa kiti cha kwanza, niliyenyoa kila kidevu cha mtaa huu! Tena mbele ya wateja, kana kwamba nimekutwa nachinja mtu.

Ilikuwa hivi. Namchonga ndevu mwalimu mkuu. Nikasinzia. Kidogo tu, nimesimama, macho nusu. Nilipozinduka, mwalimu mkuu amebaki na sharubu za upande mmoja. Damu hakuna, hata tone! Lakini kelele alizopiga, ungedhani nimeondoka na sikio. Bosi akaja, akautoa wembe mkononi mwangu polepole, akampa Mikasi. Mikasi wa kiti cha pili! Mtu anayetumia robo saa kuchagua kitana! Akaupokea kwa mikono miwili, akaniambia pole sana kaka. Pole gani hiyo yenye meno yote nje?

Bosi kasema kuanzia leo mimi ni wa mashine na kufagia nywele, mpaka nimletee neno la daktari kwamba niko sawa.

Kosa ni la daktari mwenyewe. Tangu anipe vile vidonge vya kipandauso, usingizi unanikamata popote, vidole vinakufa ganzi, mdomo mkavu kama nimelamba chaki. Na kichwa, badala ya kupona, sasa kinagonga karibu kila siku! Zamani kilikuja mara moja moja. Dawa mbovu! Na sio kwamba nimekosea kumeza. Yeye alisema nimeze kichwa kikianza. Sasa kwa nini nikingoje? Mimi nameza kila asubuhi kabla ya chai, ili kikija kikute nimeshajipanga.

Alisema pia nikiona lolote la ajabu nirudi nimwambie. Sirudi ng'o. Nikirudi ataanza: umemeza lini, umemeza vingapi, umemeza na nini. Anauliza kumshinda hata mama mkwe wangu, na mama mkwe naishi naye nyumba moja.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Asubuhi nimepata wazo. Daktari hunyolewa hapa hapa kwetu, kila Jumanne akitoka kazini. Na kwenye kiti cha kinyozi, anayeuliza ni kinyozi. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Mteja amefungwa kitambaa shingoni, mikono imefichwa, kichwa kimeinamishwa. Huyo ni wa kujibu tu. Nitavuna ushauri wote bila kuhojiwa.

Jioni. Nina hasira siwezi hata kukaa.

Nilimwinamisha vizuri. Nikaanzia mbali, habari za kazi, habari za joto. Kisha nikasema nina jamaa yangu, wa mbali sana, anameza dawa za kipandauso, anasinzia, vidole vinakufa ganzi, afanyeje? Daktari akajibu kwamba jamaa asimeze tena, aje aonwe. Nikasema jamaa ana kazi nyingi. Akauliza jamaa anameza mara ngapi kwa wiki. Akauliza! Kitini kwangu! Nikamwashia mashine karibu na sikio. Akangoja nizime, akauliza tena. Na kifua je, kinambana? Na kuna dawa nyingine anachanganya? Nikasema jamaa hagusi kitu kingine. (Vile vidonge vya maumivu vya mama mkwe ninavyochota mchana sivihesabu. Vile vya kawaida, vinauzwa dukani pamoja na sabuni.)

Alipoinuka akanitazama kwenye kioo. Akasema nimsalimie sana huyo jamaa, nimwambie daktari hang'ati. Mikasi alicheka mpaka akashika ukuta. Yaani mteja anitanie, na Mikasi ashangilie, na wembe wangu uko mfukoni mwake! Haki iko wapi?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimetafuta mjumbe. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hana kazi wiki hii na afya anayo tele. Nilimkalisha jana nikamfundisha. Aende kwa daktari kama mgonjwa. Aseme amepewa dawa ya kipandauso, inamletea usingizi, ganzi, mdomo mkavu. Daktari atampa dawa ya kutuliza hayo yote. Yeye ataniletea mimi. Nitapona, wembe utarudi, na hakuna atakayekuwa amenihoji. Nilimrudisha darasani mpaka akawa anapiga miayo kwa ustadi.

Amerudi mchana anacheka. Kumbe daktari alimpima kila kitu akaona kinachomsumbua ni macho. Kampeleka chumba cha pili, wamemjaribisha miwani, sasa anasoma bango la ng'ambo ya barabara kwa sauti, neno kwa neno, kila anayepita asikie. Nikamuuliza na mambo yangu je? Akasema ah, hayo. Daktari alimuuliza vidonge vina rangi gani, akakwama. Kwa hiyo akasema ametumwa. Na nani? Na shemeji, yule kinyozi.

Kanitaja! Nimemlisha mtu huyu miaka, na ameshindwa na swali la rangi!

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Asubuhi nimemeza kidonge changu, na kwa kuwa kichwa kiligoma kutulia nikaongeza kimoja, na viwili vya mama mkwe. Nikaenda kazini. Mwalimu mkuu akaja, akapita kiti changu kana kwamba ni ndoo, akakaa kwa Mikasi. Nyuma yake wakapanga foleni wateja wangu wa siku zote. Mmoja nilimnyoa hata siku ya harusi yake! Nikawa nafagia nywele za watu wangu zinazodondoka chini ya kiti cha mwingine.

Hapo kifua kikanibana. Shingo ikawa nzito, jasho jembamba, mikono inatetemeka. Nikarudi nyumbani nikatapika. Humu naweza kusema kwa kuwa hasomi mtu: niliogopa. Niliitazama mikono yangu nikawaza, na ikibaki hivi je? Sijui kazi nyingine. Bila wembe mimi ni mtu wa ufagio tu.

Mke wangu alinikuta nimekaa sakafuni bafuni. Hakunipigia kelele, jambo lililonitisha zaidi. Kifua kilikuwa kimeachia, nikamwapia kwamba ni chai tu haikukaa vizuri. Akasema Jumatatu tunaenda kwa daktari, sote wawili, na vidonge amevificha.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeuzwa na mke wangu wa ndoa.

Nilijipanga kujibu kila swali kwa maneno mawili: vizuri tu. Unalalaje? Vizuri tu. Kifua? Vizuri tu. Mke wangu, mkoba mapajani, akageuka akaanza. Kila asubuhi kabla ya chai! Na vya mama yake pia! Na kutapika! Nikamfinya chini ya meza. Akamwambia daktari kwamba namfinya.

Daktari hakukasirika hata kidogo. Angekasirika tungeelewana. Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwamba dawa hizi zikimezwa kila siku, zenyewe huleta maumivu ya kichwa, na kuchanganya aina mbili ndiko kulikonimaliza. Kwamba dawa kumkataa mtu si aibu yake. Ningesema siku ya kwanza angenibadilishia, zipo nyingine. Kwamba kifua kikibana haingojwi Jumatatu, mtu anakuja saa ile ile. Akanipima moyo. Mzima. Nilitaka kulia, nikakohoa.

Nimeachishwa vyote. Siku za mwanzo kichwa kitaniuma, amenionya. Kuna dawa mpya, moja kila jioni, na nikihisi lolote nimwambie. Vile vya zamani nivirudishe dirisha la dawa, nisimpe mtu yeyote. Kuhusu wembe, ningoje mpaka anione tena. Ningoje! Mikasi anyoe mtaa mzima huku mimi nangoja!

Jumanne, tarehe 25 Juni

Wembe umerudi! Daktari amemwambia Bosi kwa mdomo wake kwamba niko sawa. Kichwa kimetulia, vidole vimeamka, chakula kina ladha. Nimemnyoa mwalimu mkuu pande zote mbili, na amejitazama kwenye kioo kushoto na kulia, akalipa. Nimewaeleza wateja kwamba ni mimi niliyegundua shida ilikuwa vile vidonge. Mikasi akaguna. Wivu tu.

Alhamisi, tarehe 27 Juni

Wembe umechukuliwa tena! Na safari hii sina kosa lolote!

Mama mkwe aliamka analalamika kichwa, na vidonge vyake vimekwisha, haelewi vimekwishaje. Nikamhurumia. Mimi nina roho hiyo. Vile vyangu vya zamani bado nilikuwa navyo mfukoni mwa koti, maana mke wangu alinipa nivirudishe na mimi si mtu wa kutupa vitu vizima. Nikampa viwili. Nikamwambia vikimletea kizunguzungu atulie tu, kitapita.

Kizunguzungu kikaja. Akatulia? Wapi! Akajifunga kitambaa, moja kwa moja kwa daktari! Akamwambia kila kitu: amemeza vingapi, saa ngapi, rangi gani, na amepewa na nani. Hata jamaa wa mbali hakumtafuta! Wamempumzisha, wamempima, amerudi mzima anakula. Mimi ndiye ninayeitwa kesho asubuhi. Na Bosi amesikia, akanyoosha mkono, nikaweka wembe.

Mtu mzima vile, ameumwa kidogo tu, mbio kumweleza daktari! Lakini nakiri, hapa nilikosea. Nilimpa dawa nikasahau kumfundisha kunyamaza.