Ombi la Kutopangiwa Mechi na Mama Mkwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Shirikisho la Michezo ya Video,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kamati yako yote. Mimi ni kinyozi kwa kazi na mdunguaji kwa kipaji. Mchana nanyoa watu. Jioni naichezea timu ya mtaa wetu, ambayo siku hizi ina jezi, kocha, mdhamini na hata daktari wa vidole. Kwa hiyo siandiki kama mpinga maendeleo. Naandika kama mkwe aliyeonewa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, alikuja kwetu kutibiwa macho. Nikampa padi ya mchezo ili asichoke kukaa, kama vile mgeni anavyopewa albamu ya picha. Haukupita muda, macho yakapona na majirani wakaanza kufa mmoja mmoja kwenye skrini. Leo ni mchezaji wa kulipwa wa timu pinzani, ana jezi iliyoandikwa Radi mgongoni, na watu wazima na ndevu zao wanapanga foleni awasainie kofia.

2. Kwenye mechi ya ufunguzi, ukumbi umefurika, nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji humo ndani ya mchezo. Akatokea mbele yangu, bunduki begani. Ningeweza kumpiga hata nimefumba macho. Lakini Mwenyekiti, yule ni mama wa mke wangu! Kidole kikagoma. Badala ya kufyatua, nikabonyeza kitufe cha kuinama na kumpa shikamoo kwenye maikrofoni. Akaitikia marahaba vizuri tu, akaniulizia wajukuu, kisha akanidungua.

3. Mtangazaji alishangilia akidhani ni mbinu mpya. Sasa inaitwa Kuinama kwa Kinyozi, na wateja wangu wanainama mlangoni kabla ya kukaa kwenye kiti. Mke wangu amenunua jezi ya Radi, watoto nao wanazo, na ya kwangu imegeuzwa tambara la kudekia.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nahodha wetu, kapera asiyejua ukwe una uzito gani, ameapa kwamba nikiinama tena ananifukuza. Naupenda mchezo huu, Mwenyekiti. Nikiukosa, jioni sitajua mikono yangu niiweke wapi. Na mechi ya marudiano ni Jumamosi.

Kwa hiyo naomba kanuni zirekebishwe. Kabla ya mechi, kila mchezaji aeleze ukoo wake mbele ya mwamuzi, na wakwe watenganishwe. Ikishindikana, mkwe akionekana uwanjani risasi zisimame hadi salamu ziishe. Na kwa kuwa salamu za wakwe haziishi upesi, tuwekewe viti humo humo ndani ya mchezo, na chai. Na kwa kuwa si haki wakwe peke yao wastarehe, shangazi, mashemeji na majirani wa siku nyingi waingizwe pia. Mwishowe hatabaki mtu wa kupigwa, na kombe lichukuliwe na timu itakayoaga kwa adabu zaidi. Watazamaji watazoea.

Nisalimie makamu wako, katibu, mlinzi wa getini na yule dada wa tiketi anayecheka kila nikipita.

Wako katika michezo na heshima,
Kinyozi

N.B. Tafadhali ichane barua hii. Kabla sijaituma nilimwomba mama mkwe aipitie lugha. Ameisahihisha, akacheka mpaka miwani ikadondoka, akaniambia timu yao inatafuta mtu wa kumlinda nyuma. Nimeshasaini mkataba. Kanuni zisiguswe hata kidogo! Jumamosi tunacheza na nahodha wangu wa zamani, ambaye asubuhi hii amefika hapa nyumbani, suti imempwaya, kuleta posa ya binti wa mwisho wa mama. Posa imepokelewa. Mama anasema ana hamu ya kuona kama naye anajua kitufe cha kuinama kiko wapi.