Uzinduzi wa Mpango wa Muda wa Tairi Lililochanika

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuandaa Kamati. Waheshimiwa Wajumbe mliofika, na Waheshimiwa Wajumbe mlioandikisha majina mkaondoka. Bwana Msimamizi wa Stoo. Mganga Mfawidhi wa zahanati, pamoja na muuguzi wako ambaye namwomba aache kuangalia saa. Fundi baiskeli uliyeketi sakafuni karibu na mlango ilhali viti vipo. Akina mama, akina baba, vijana, na ninyi mnaochungulia madirishani: kwa kuwa mimi si mtu wa kurefusha mambo, naomba nianze upya kwa ajili ya waliochelewa. (Minong'ono. Mtu anapiga mwayo wa sauti.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa Kaimu Mkurugenzi wa Uratibu wa Dharura za Magurudumu, cheo cha muda ambacho kwa unyenyekevu wa hali ya juu nimekishikilia mwaka wa kumi na moja sasa, nikiwaletea Mpango Mkakati Shirikishi wa Tiba ya Muda ya Tairi la Baiskeli Lililochanika, ambao upembuzi yakinifu umebaini kwamba asilimia themanini na saba ya matairi yote yaliyochanika yalikuwa mazima kabla ya kuchanika (makofi kutoka meza kuu), na asilimia kumi na tatu iliyobaki bado ipo kwenye mchakato. Data hizi nimezikusanya mwenyewe, ofisini, bila hata kuvua koti.

(Muuguzi anasimama. "Mheshimiwa, samahani. Barafu inayeyuka. Nina chanjo humu kwenye kisanduku, na watoto arobaini wananisubiri shuleni ng'ambo ya bonde. Naomba baiskeli yangu.")

Dada yangu, nimekusikia, tena nimekusikia kwa masikio yote mawili. Asubuhi ulipoikuta baiskeli yako pale kwenye ukuta wa zahanati tairi limechanika, ulidhani umepata mkosi, kumbe umeteuliwa! Ndiyo hiyo hapo mlangoni, tumeifunika kitambaa kizuri, na baada ya hotuba yangu nitaifunua rasmi. Chanjo zako ziambie zivumilie kidogo. (Wanawake: "Haa! Jamani!")

(Fundi, bila kuinuka: "Mzee, hiyo kazi ya dakika kumi. Nikipata karatasi ngumu, naikunja, naichomeka kati ya tyubu na tairi pale palipochanika, najaza upepo wa wastani, anakwenda na kurudi.")

Fundi, hebu tulia. Hayo ni mambo ya vichochoroni. Kitaalamu tunauita Uingiliaji Kati wa Awali kwa Kizuizi cha Ndani Kisicho cha Kudumu, nao una awamu tano, semina elekezi mbili na ziara moja ya mafunzo ambayo mimi nimeshaimaliza. Karatasi! Sisi tumekwenda mbali zaidi. Tazameni nyuma yangu: makasha mia moja yenye viraka, gundi na vipande vya tairi vya kushonea, ambayo kwa sababu za kiprotokali hayafunguliwi leo, wala hayasogelewi, na wewe mtoto shuka hapo juu. (Kicheko.)

Lakini nisije nikaambiwa nabana taarifa. Andiko la mradi hili hapa, jalada gumu kama ubao, herufi za dhahabu, jina langu limo mara sitini na nne. Lizungushwe, kila mwananchi aliguse, ili mradi uwe mali yenu. (Andiko linapita safu hadi safu. Linafika kwa fundi. Haliendi mbele tena.) Naona fundi amezama kwenye kusoma. Safi sana! Naona pia analichana. Si kitu, kila mtu na namna yake ya kusoma.

Sasa, katika robo ya tatu ya awamu ya pili… naona kitambaa kinatikisika. Ni upepo, tusibabaike. (Fyuu, fyuu, fyuu, ya pampu. Ukumbi mzima unapiga makofi.) Ahsanteni, ahsanteni! Nilijua robo ya tatu itawagusa.

Nahitimisha… ukurasa wangu wa mwisho uko wapi? Mhh. Nadhani umeondoka ndani ya andiko. Haidhuru, katibu muhtasi wangu huwa haniachi mikono mitupu, kaniwekea ukurasa mwingine wa shukrani huku mfukoni. Kwanza kaulimbiu, itikieni kwa nguvu! Tairi! ("Lizunguke!") Kiraka! ("Sasa hivi!") Mkurugenzi! (Msimamizi wa Stoo peke yake: "Oyee.")

Nasoma sasa. "Namshukuru Msimamizi wa Stoo kwa kujaza mawe kwenye makasha mia moja ili yasipeperuke. Nawashukuru wafadhili, tutakaowatafuta picha za leo zikishatoka. Na kipekee namshukuru dereva wangu, maana jana tulizunguka mji mzima kutafuta tairi lililochanika tukakosa, fundi wa hapa anaziba yote, ndipo dereva alfajiri akajitolea na wembe wake pale kwenye ukuta wa zahanati…"

(Sauti ya muuguzi: "Wembe?" Mganga Mfawidhi anainuka. Vijana wanapindua kasha moja. Mawe yanabiringika hadi meza kuu.)

Ndugu zangu, huu ukurasa ulikuwa wa kusomwa kwenye chai ya ofisini. Naomba msiusikie. (Kitambaa kinaanguka. Muuguzi amekwisha panda, kisanduku kimefungwa nyuma kwa kamba. Fundi anamsukuma: "Nenda, dada, barafu bado ipo!" Vigelegele.)

Dada, subiri! Sijazindua! Mkamateni, jamani, hilo jalada lililokunjwa ndani ya tairi ndio mradi wenyewe, hatuna kingine! Anakata kona… Amekwenda. Na tairi limeshika.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.