Breki za Mbele Ambazo Gari Langu Halizitaki

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Ukaguzi wa Magari,

Salamu zikukute umeketi vizuri, maana haya nitakayoyasema si ya kusomwa mtu akiwa amesimama. Anayekuandikia ni dereva wa miaka hamsini barabarani ambaye hajawahi kugonga kitu chochote.

Nimeisoma tena sentensi hiyo, na afadhali niirekebishe kabla hujaniulizia mtaani. Niligonga ukuta wa duka la mikate. Niligonga pia mkokoteni wa muuza maji, nguzo ya simu, na nguzo nyingine iliyoletwa kuchukua nafasi ya ile ya kwanza. Lakini mtu sijagonga, na ukuta wa mikate ulijengwa vibaya, umetokeza barabarani. Tuendelee.

Jumanne iliyopita nilileta ofisini kwako gari langu. Nimelijenga kwa miaka mitatu kwenye banda la nyuma ya nyumba, mimi na rafiki yangu fundi, ambaye mtaa mzima unamwita Masikio kwa sababu hutambua ugonjwa wa injini kwa kuinamisha kichwa tu. Ni gari la mbio za kunyooka: mita mia nne, mbio zimekwisha, watu wanakwenda nyumbani. Tumelipa sura ya zamani. Pua ndefu, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyetajiwa bei, magurudumu ya nyuma mapana kama meza, ya mbele membamba kama ya baiskeli. Injini imetoka kwenye lori. Likiwaka, kuku wa jirani hutaga kabla ya wakati.

Mkaguzi wako, yule kijana mrefu mwenye kalamu nyekundu sikioni, amelinyima cheti cha barabarani. Sababu yake ni kwamba halina breki za mbele. Za nyuma zipo, mpya, nzuri. Yeye anataka nne.

Sasa elewa shida yangu. Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo mbio za mwisho kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Mwezi ujao wanajenga maghala pale. Na sisi wazee wa mbio tuna sheria moja tu: gari lije uwanjani kwa miguu yake, kwa barabara ya watu wote, cheti kikiwa kimebandikwa kiooni. Lililobebwa na lori halishindani. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe miaka ile ili kumkomoa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye gari lake lilikuwa haliendi kilomita mbili bila kupumzika. Siku hizi linakwenda. Amenishinda mara kumi na moja, na kila mara hunisubiri mwisho wa mstari amekunja mikono, ananiuliza, "Shemeji, ulipitia wapi?" Bila cheti chako nitaingia kaburini na swali hilo.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Mkaguzi wako hana adabu kwa vyombo vya jikoni. Mimi na Masikio hatukukurupuka, tulichagua breki za mbele kwa uangalifu mkubwa. Tulianza na zile za ngoma, bakuli zito la chuma lenye vibanio ndani, kama magari ya enzi zetu. Sura nzuri, moyo unafurahi. Lakini tulipozijaribu, ya kushoto ilishika na ya kulia ikabaki inafikiria, tukaingia shambani kwa mtu. Tena mbili zina kilo ishirini na mbili, tulizipima kwenye mizani ya muuza nyama. Tukaja kwenye diski, ile sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili, tuliyoitoa kwenye gari dogo lililokufa. Masikio akasema ndizo hizo: nyepesi, hazichoki kwa joto, zinashika sawasawa. Lakini zinaonekana, Mheshimiwa! Kwenye gari la kizamani diski inang'aa kama meno ya bandia kwa babu: anatafuna vizuri, ila hakuna anayemsikiliza tena, wote wanamtazama mdomo. Nikauliza kuhusu diski za pikipiki. Masikio akanijibu, "Mzee, hizo zitasimamisha pikipiki. Wewe utaendelea."

Ndipo nikaamua kwa busara. Tusiweke breki yoyote. Tuweke vifuniko viwili vya sufuria, tuvipake rangi nyeusi, vionekane ngoma. Mkaguzi wako alichuchumaa, akagonga kimoja kwa kalamu yake, kikalia tiing! Akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Babu, hii ni breki au umekuja na chakula chako cha mchana?" Watu walivunjika mbavu. Nataka aniombe radhi mimi, na amwombe radhi mke wangu, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akimshuku jirani kuhusu vifuniko vile.

2. Kuhusu uzito. Diski mbili pamoja na vibanio na mabomba yake zina kilo kumi na nne. Kilo kumi na nne kwenye mita mia nne ni mtu kukushinda kwa urefu wa gari zima, hata Masikio anakubali. Nilipomweleza mkaguzi hivyo, alisema nizipunguze mahali pengine, kisha akanitazama tumbo. Mheshimiwa, tumbo hili limejengwa kwa miaka mingi kwa jasho la mke wangu. Serikali haikuchangia hata kijiko. Haiwezi leo kuja kulikagua.

3. Kuhusu usalama. Kijana wako anasema breki za mbele huokoa maisha. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu tulifundishwa darasa la kwanza. Gari nililogongea mkokoteni lilikuwa na breki ngapi? Nne. Ukuta wa mikate? Nne. Nguzo zote mbili? Nne, na nne. Hata siku tulipoingia shambani, ngoma zilikuwa zimefungwa, zilikuwa nne. Tangu gari hili libaki na mbili, halijagusa hata unyasi. Uamuzi nakuachia wewe mwenye elimu, lakini mimi naona wazi kwamba breki nne huvuta nguzo.

3 na nusu. (Hii niliisahau, usiihesabu kama ya nne.) Mtu mwenye breki nzuri huenda kasi mpaka dakika ya mwisho, kwa kuzitegemea. Asiye nazo huanza kusimama tangu nyumbani. Kwa hiyo mkiziondoa breki za mbele kwenye magari yote, madereva wote watakuwa wapole kama bwana harusi mtarajiwa mbele ya mama mkwe. Badala yake mnazidi kuwaongezea. Nani basi anahatarisha wananchi, mimi au nyinyi?

4. Kuhusu ofisi yako yenyewe. Siku ile nilikaa kwenye benchi lako kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Dirisha la kwanza lilinituma la pili kugongewa mhuri. La pili likanituma la tatu kuchukua karatasi ya kuonyesha kwamba nimetoka la kwanza. La tatu lilikuwa na kibao, "Nimetoka mara moja, nakuja." Ile mara moja ilichukua saa tatu. Mama aliyekaa kando yangu alianza na kumaliza mkono mzima wa sweta, akaniomba nijipime kama unamtosha mtu mzima. Hapo nikaelewa ugomvi wetu ulipo. Gari langu lina injini kubwa na breki mbili. Ofisi yako ina breki nne, breki ya mkono imepandishwa juu, na injini bado hamjaagiza. Halafu nyinyi ndio mnaonikagua mimi.

5. Sasa maombi, na nitayaweka kwa heshima. Naomba cheti changu kabla ya Jumamosi. Naomba pia itungwe kanuni kwamba dereva aliyepita miaka sabini ahesabiwe kuwa yeye mwenyewe ni breki, kwa sababu tukishaingia barabarani kila kitu kilicho nyuma yetu hupunguza mwendo. Kama hilo ni gumu, basi kijana wako wa kalamu nyekundu apangiwe kutembea mbele ya gari langu akipunga kitambaa. Ana miguu miwili mirefu, ataingia mahali pa breki mbili za mbele bila gharama, na uzito wake haumo kwenye gari. Akichoka, aje mwingine. Wafanyakazi unao wengi, niliwaona wakinywa chai.

Nisalimie wote, wa dirisha la kwanza na la pili. Wa la tatu nisalimie akirudi. Wasalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mke wangu anakusalimu. Masikio naye anakusalimu, ingawa amekataa kutia sahihi.

Ni mimi, mlalamikaji wako mtiifu,
Babu wa Mita Mia Nne

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Leo saa nne asubuhi niliona posta itachelewa, nikaamua kuileta mwenyewe kwa gari lenyewe, ulione kwa macho yako. Najua halina cheti, na ndicho nilichokuwa nakifuata. Mke wangu akapanda pia, alikuwa anakwenda kwa mshonaji, njia ni moja.

Unaujua mteremko wa kuja kwako. Pale katikati lori la magodoro lilikuwa linarudi nyuma kuingia barabarani. Nikakanyaga. Magurudumu ya nyuma yalisimama kama yalivyoagizwa. Sisi wengine tukaendelea. Nyuma ya gari ikataka kupita mbele, tukazunguka, nikaiona ofisi yako, nikaliona lori, nikaiona ofisi yako tena. Mke wangu hakupiga kelele. Kwa miaka arobaini na sita amenipigia kelele kwa soksi, kwa taa, kwa mlango. Kwa hili hakupiga. Alinishika goti tu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Tumo mtaroni mbele ya lango lako, hatujaumia. Nakuandikia juu ya boneti. Wa kwanza kutoka alikuwa yule kijana. Hakuuliza cheti. Alifungua mlango wa upande wa mke wangu, akachuchumaa, akamuuliza, "Bibi, unaumwa wapi?" Akamletea kiti cha dirisha la tatu, kilikuwa hakina mtu. Kisha akanigeukia na kusema neno moja: "Diski." Nikasema, "Diski."

Kwa hiyo futa namba moja, mbili, tatu, na nusu yake, na tano. Diski zinafungwa kesho, na zing'ae zitakavyo. Zisipokuwa tayari kwa Jumamosi, shemeji na ashinde mara ya kumi na mbili, nitamjibu nilipitia wapi. Namba nne iache ilivyo, hiyo ni kweli.

Jambo la mwisho ni dogo. Mwaka juzi, siku ile ya mvua, gari lako la kazini lilipozimika karibu na kituo cha mafuta, wewe ukiwa ndani na suti ya kijivu, aliyeshuka kwenye tope kukusukuma nilikuwa mimi. Liliwaka, ukatoa kichwa dirishani ukasema, "Mzee, na mimi nitakufaa siku moja," ukaondoka, na tope la tairi lako likanipata usoni. Mheshimiwa, siku yenyewe ni leo. Kijana wako amekwisha kushika upande wa kulia, Masikio yuko njiani. Tunakosa mtu wa upande wa kushoto. Vua koti, uje.