Vikombe vya Mwembe kwa Wageni wa Bi Raiya

Jumatatu, 3 Novemba 2025, Mambrui

Leo nimepata akili. Nimechukua vikombe vya mti wa mwembe kwa Musyoka, mchongaji wa Malindi. Vitupu, havijapakwa kitu. Ijumaa kuna arusi hapa nyumbani, na mama mkwe wangu, Bi Raiya, amekubali wageni wa kike wanyweshwe maji kwa vikombe vyangu. Vikimpa sifa, stoo ya nyuma ni yangu. Nitafanyia kazi humo, niache kupiga msasa kitandani na mtoto kalala ubavuni. Vikimtia aibu, stoo anapewa wifi yangu Zeina, afugie kuku.

Zeina kauliza kama wageni watapewa na vya kuchokolea vibanzi mdomoni. Nimemmiminia chai. Nina adabu.

Musyoka kashauri vanishi, ile anayopaka twiga wa watalii. Yang'aa mpaka unajiona. Nikakaribia kukubali. Halafu nikamtazama Ayman: meno mawili, kila kitu kinywani. Nikamwuliza Musyoka kama kuna mtu awalambaye twiga wake. Akasema hilo hajapata kuulizwa. Basi, vanishi hapana. Asichoweza kulamba mwanangu, mgeni hanywei.

Jumanne, 4 Novemba

Mafuta ya nazi! Yapo jikoni, nahangaika nini? Nimepaka kikombe cha kwanza. Mti uliokuwa umepauka kama uji ukafunguka rangi. Mistari ya dhahabu, ya kahawia, kama mchanga maji yakishajitoa. Subhanallah. Kumbe yote haya yalikuwamo ndani, na mimi nimekipiga msasa tangu jana sijayaona.

Wali umeungua. Yaseen kala ukoko wote. Mume mwema.

Jumatano, 5 Novemba

Sisimizi. Vikombe vyote. Wamepanga foleni utadhani wao ndio walioalikwa. Zeina kasema si haba, wamepatikana waliovipenda.

Mama mkwe naye kanikumbusha kuwa mafuta ya nazi yakikaa hunuka, na kila aliyepata kusukwa nywele analijua hilo. Nilijua. Sikulifikiria tu.

Nimeviosha kwa maji moto, nikavianika juani. Nimechoka mpaka kope.

Alhamisi, 6 Novemba

Dena, yule muuza asali atokaye bara, kapita na nta ya nyuki. Nimeiyeyusha kwa moto mdogo, nikachanganya na mafuta ya simsim, nikapaka mpako mnene. Ayman kalamba, kataka tena. Nimemnyima. Kalia. Sikulegea, ila nimembusu.

Kisha nikadondosha tone la maji ndani ya kikombe. Likasimama zima, la mviringo, linatetemeka, halizami. Nimelitazama kama watu watazamavyo mwezi mwandamo. Nyuki, mdudu wa kubanwa na vidole viwili, ndiye aliyeyajua haya!

Nimejaribu maji baridi, hayakuvuja. Cha kujaribu tena ni kipi? Stoo yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ubani. Mimi mzaliwa wa hapahapa, na nimeusahau ubani.

Kwetu kikombe cha mgeni hufukizwa kwanza. Hufudikizwa juu ya chetezo chenye makaa na ubani, moshi ukaingia vizuri, ndipo kikatiwa maji. Maji hayo nimeyanywa tangu utotoni. Bi Raiya akafudikiza kikombe changu cha kwanza mbele ya wanawake wote. Nta ikaanza kutoka jasho. Tone likaangukia kaa. Moto ukaruka, ukala pindo la leso yake mpya.

Zeina akatokea na sinia la gilasi. Zimeshaoshwa. Zimeshapangwa.

Nikamnong'oneza mama mkwe kwamba stoo ampe Zeina tu, yaishe.

"Nyamaza, mwanangu," akaniambia. "Nipe kitambaa."

Akakifuta kile kikombe. Nta ya juu ilikuwa imetoka, nyingine imezama mtini kwa lile joto. Akatia maji, akanywa. Akafumba macho.

"Kwenye gilasi, ubani haujapata kukaa hivi."

Kikombe kikapita mkono kwa mkono. Kila anywaye ananyamaza. Wanawake wa arusi, kimya! Nimeyashuhudia haya kwa macho yangu. Zeina kanywa wa mwisho. Kakishikilia sana. Kisha kauliza, bila kunitazama, kama kipo kingine.

Stoo nimepewa. Sharti la mama mkwe: kila kikombe nikipashe moto na kukifuta mwenyewe kabla hakijamfikia mgeni, na jambo jipya nisilifanye mbio.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefagia stoo. Ayman kalala kwenye mkeka, na mimi nimesimama katikati kama niliyeingia jumba la sultani.

Ndipo likanijia. Ikiwa joto kidogo limefanya ajabu ile, joto jingi je? Nimeshampigia Musyoka. Anichongee dele, lile birika la kahawa, kwa mti wa mwembe, la kukaa juu ya makaa tangu asubuhi hadi magharibi. Alitaka nirudie. Nimerudia.

Yaseen kauliza taratibu kama mti hauungui.

Nimemweleza kwa upole kwamba nitaupaka nta.