Kitabu Chini ya Godoro la Mzee Kiptum

Jumatatu, 5 Mei
Siku ya kwanza wodi ya wanaume, Nakuru. Dokta Wanjugu, daktari wetu bingwa, ametupa sisi madaktari wapya wa mwaka wa kwanza orodha ya vitabu vinne vya kusoma. Vinne! Nilidhani kusoma kuliisha na mitihani. Ijumaa atauliza maswali akizunguka wodini. Atakayejibu vizuri ataingia naye chumba cha upasuaji. Atakayeshindwa atajaza fomu mwezi mzima. Mwenzangu Jepleting tayari amenunua kalamu tatu za rangi. Simpendi.

Jumanne, 6 Mei
Ugunduzi! Kitabu cha kwanza kwenye orodha kiko kimoja tu maktabani. Nimekichukua Jepleting akiwa kwa chai. Si kukisoma. Kukificha! Asiposoma yeye, nisiposoma mimi, tuko sawa, na mimi nina sura ya kujiamini. Nimekisukuma chini ya godoro la Mzee Kiptum, kitanda cha tisa. Alianguka na pikipiki huko Kiamunyi akavunjika paja. Wiki ya pili sasa amelala chali, mguu umevutwa kwa kamba na vyuma. Nani atapekua hapo? Akili kama hii haifundishwi.

Alhamisi, 8 Mei
Jepleting amezunguka maktaba mara tatu. Nimempa pole.
Baadaye Mzee Kiptum akaniita. Kumbe alifundisha biolojia miaka thelathini, na mikono yake haikuvunjika. Mikono sikuifikiria. Kitabu kiko kifuani, amefika ukurasa wa mia mbili! Akasema shavu la mguu limefura, linauma, na kitabu kinaonya kuhusu hilo. Nikamwambia apumzike, aache kujitibu. Chapati za kantini zilikuwa zinaisha.

Ijumaa, 9 Mei
Balaa. Dokta Wanjugu alisimama kitanda cha tisa, akaniuliza tunahofia nini kwa mtu aliyelala muda mrefu na paja lililovunjika. Nikakunja uso kisomi.
“Upweke, daktari.”
Halafu sauti kutoka kitandani: “Damu kuganda mguuni, daktari. Ikipanda mapafuni inaua. Na wangu umefura tangu jana. Nilimwambia huyu kijana.”
Alipelekwa kupigwa picha hapo hapo. Damu imeganda kweli. Ameanzishwa dawa; wanasema amewahiwa. Mimi nilijifungia chooni. Mzee wa watu angekufa kwa ajili ya chapati. Dokta Wanjugu hakupaza hata sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Fomu mwezi mzima. Tena nimwandikie muhtasari wa kile kitabu alichokikuta kifuani mwa Mzee, chote, kwa mkono, kufikia Jumatatu. Jepleting ameingia upasuaji.

Jumapili, 11 Mei
Uvimbe umepungua. Nimempelekea Mzee Kiptum ndizi, nikamwomba msamaha, nikalia kidogo. Kwa dhati kabisa. Amenisamehe. Akalalamika kwamba kulala bila kazi kunamchosha. Nikaona nimsaidie: nikampa karatasi na kalamu.
Sasa yuko sura ya sita. Anafupisha vizuri ajabu! Shida ni mwandiko: unasomeka. Nimemsihi auharibu kidogo, Dokta asije akashuku.