Mlango wa Fundi na Wakili wa Redioni

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba ni yangu. Nimehakikishiwa leo asubuhi na wakili.

Wakili mwenyewe ni wa redioni. Kila siku hujibu maswali ya wasikilizaji kuhusu kodi, mipaka ya viwanja na mirathi. Leo mama mmoja aliuliza kama mtoto wa kiume anaweza kurithi nyumba ya baba aliyefariki bila kuacha wosia. Wakili akajibu kuwa ndiyo, mtoto wa kiume ana haki ya kurithi. Nikazima redio papo hapo. Jibu likishakuwa zuri, kuendelea kulisikiliza ni kutafuta balaa.

Baba alifariki mwaka jana, wosia hakuna. Mtoto wake wa kiume ni mimi, peke yangu. Mwingine ni Dada, muuguzi, ambaye ana mume, ana kwake, ana hata friji. Mimi nina hiki chumba cha nyuma nilichokulia. Nyumba ikiuzwa, sijui nitalala wapi. Hilo linaninyima raha tangu siku ya mazishi. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena.

Kikwazo ni chumba cha mbele. Humo anashonea Fundi, mama mtu mzima, mpangaji tangu enzi za Baba. Hulala kwa binti yake, lakini kutwa yuko hapa na cherehani yake na redio yake. Nami chumba hicho nakitaka. Nafungua ofisi ya ushauri wa sheria! Meza moja, viti viwili, mimi na tai ya Baba.

Jioni nikamwendea. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mwenye nyumba mpya anamwomba ahame. Akauliza ni nani huyo. Nikasema ni mimi. Akanitazama juu ya miwani, akasema hongera mwanangu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu wakili. Nilibana pua ili sauti isijulikane, nikajitambulisha kama mwenye nyumba anayesumbuliwa. Mtangazaji akaniambia nipunguze sauti ya redio yangu, inavuma. Redio yangu nilishaizima. Iliyokuwa inavuma ni ya Fundi, upande wa pili wa ukuta, ikinirudishia maneno yangu mwenyewe na pua yangu iliyobanwa.

Hata hivyo sikurudi nyuma. Niliuliza kuhusu mpangaji king'ang'anizi. Wakili akasema mwenye nyumba ana haki ya kumwondoa mpangaji wake. Nikakata simu. Redio ya Fundi iliendelea kuongea, lakini wakati huo nilishatoka nje kutafuta bisibisi.

Mchana Fundi aliniuliza kama mafua yamepungua. Nikamjibu kwamba sina mafua. Akasema basi ni vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nimeung'oa mlango wa chumba cha mbele.

Wazo ni la kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Alisema chumba kisicho na mlango hakikaliki, mpangaji huondoka mwenyewe bila maneno mengi. Nikaamka mapema, nikafungua bawaba moja baada ya nyingine. Mlango wa mbao nzito, kazi ya Baba mwenyewe, aliyekuwa seremala asiyejua kutengeneza kitu chepesi. Uliniangukia kwenye kidole gumba cha mguu. Nimeuegemeza ukutani chumbani kwangu, na kidole nimekifunga kitambaa.

Fundi alifika, akasimama, akaangalia uwazi. Nilikuwa dirishani nikisubiri kilio. Hakulia. Alitoa magauni matatu, akayatundika pale mlango ulipokuwa. Hadi saa sita wapita njia walikuwa wamejaa. Watu waliopita hapa miaka yote bila kujua kuna mshonaji ndani, leo wameona magauni, wameingia, wamepimwa. Fundi akaja hadi kwangu kunishukuru. Akasema mwanga sasa unamtosha, hata uzi anatunga bila miwani.

Jioni kibao kikageuka kabisa. Akasimama barazani, mbele ya kinyozi na wateja wake, akatamka taratibu kwamba cherehani na vitambaa vya watu viko ndani, na kwamba aliyeondoa mlango anajua wajibu wake. Kisha akaenda zake.

Kuurudisha mlango ni kukubali kushindwa. Sirudishi ng'o. Nimevuta godoro, nimelilaza kizingitini. Kinyozi anasema nimekuwa mlinzi wa Fundi, tena wa bure. Nimemjibu kwamba mimi ni mwenye nyumba ninayelala kwenye mali yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa mafua ninayo kweli. Mbu wamenimaliza. Kidole kimevimba na viatu havipiti.

Dada alikuja akitokea zamu, bado amevaa sare. Nilijiandaa kwa kelele, nikapanga majibu. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole kwenye matundu ya bawaba, akaniomba nimwonyeshe mlango ulipo. Nikampeleka chumbani. Akaugusa.

"Baba alipouranda huu, wewe ndiye uliyemshikia ubao," alisema. "Umekukosea nini?"

Ni kweli nilimshikia. Baba alikuwa ananiambia nishike vizuri, niache kuchezea maranda. Nilitaka kulia, nikakohoa badala yake, na kwa kuwa nina mafua ikaaminika. Kisha nikamwambia Dada kwamba suala hili ni la kisheria na asichanganye na mambo ya hisia.

Akajibu kuwa vizuri, tena ndilo lililomleta. Baba Mkubwa ameitisha kikao cha familia Jumapili, kupendekeza msimamizi wa mirathi, jina lipelekwe mahakamani. Msimamizi! Mbona sikulifikiria? Msimamizi ndiye anayepanga kila kitu. Kuanzia sasa mimi ni mgombea.

Jumamosi, 8 Machi

Kampeni. Nimechechemea mji mzima.

Shangazi analalamika hana pa kupikia maandazi ya biashara. Nikamwahidi chumba cha mbele, akiniunga mkono. Baba Mkubwa anatengeneza baiskeli na hana pa kuziweka. Nikamwahidi chumba cha mbele. Binamu yangu, binti wa Shangazi, anataka kufungua saluni. Kwake pia sikuwa na kingine cha kuahidi. Kila mmoja nimemwomba asimwambie mtu, na kila mmoja ameapa. Ofisi yangu nayo itakaa humo humo. Nikishakuwa msimamizi nitajua jinsi ya kuwapanga.

Kura tatu mkononi. Dada ana yake tu. Nimelala kizingitini nikitabasamu.

Jumapili, 9 Machi

Siwezi kuficha. Mambo yameharibika.

Kikao kilifanyika chumba cha mbele, maana ndicho kikubwa na siku hizi kina hewa. Fundi aliwapisha, akaketi barazani. Kabla hata ya salamu kuisha, Shangazi akaanza kupima ukuta kwa mikono, hapa jiko, hapa meza. Binamu akamuuliza mama yake anapima nini mahali pa kioo chake. Shangazi akauliza kioo gani. Wakati huo Baba Mkubwa akaingia akisukuma baiskeli, na nyuma yake kijana wa mkokoteni amebeba nyingine.

Wote wakageuka wakanitazama. Nikajifanya nafunga kitambaa cha kidole.

Baada ya hapo kampeni ilibaki ya Dada peke yake, na hata hakuomba kura. Nilisimama nikapinga. Nikanukuu wakili: mtoto wa kiume ana haki ya kurithi. Dada akaniuliza kwa upole kama nilisikiliza hadi mwisho. Kumbe wakili aliendelea! Kumbe alisema na mtoto wa kike vilevile, na kwamba hakuna mrithi anayejimilikisha nyumba kabla mirathi haijagawanywa. Na lile jibu la Jumanne pia lilikuwa na mkia: mpangaji huondolewa kwa kupewa notisi, na akigoma ni mahakama, siyo bisibisi. Kumng'olea mlango ni kosa. Shangazi naye aliyasikia yote redioni. Baba Mkubwa akasema aliitambua sauti yangu tangu neno la kwanza, pua au bila pua. Fundi, kule barazani, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kipengele, maana yeye husikiliza kipindi chote hadi matangazo ya vifo.

Wamempendekeza Dada. Akaeleza anavyofikiria, mahakama ikimkubali. Nyumba haiuzwi. Fundi anaendelea, kwa mkataba wa maandishi badala ya ule wa mdomo alioachiwa na Baba. Mlango urudishwe kesho, na aliyeung'oa ndiye ataurudisha. Mimi nibaki chumbani kwangu.

Kisha akaniambia, siyo kwa kikao, kwangu mimi. "Hakuna anayekufukuza. Hakuna aliyewahi kutaka kukufukuza. Ungeniuliza tu."

Nilifurahi kupita kiasi. Naliandika humu tu. Mbele yao nilitangaza kwamba nitakata rufaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeurudisha mlango. Si kwa kushindwa. Kwa hiari.

Mara ya kwanza niliufunga juu chini, Fundi akawa anainama kutafuta komeo karibu na sakafu. Mara ya pili ukakwangua sementi na haukusogea. Nikatoa randa ya Baba chini ya kitanda, nikaondoa kidogo, nikajaribu tena. Fundi aliuacha ushonaji wake, akaja kunishikia upande wa pili. Ulipofungika ulitoa ile sauti yake ya zamani, ile niliyokuwa nikiisikia nikiwa mdogo nikajua Baba karudi. Nikakaa chini kidogo. Kidole kilikuwa kinauma.

Kinyozi kaniita Wakili Nusu mbele ya foleni nzima. Wamecheka sana. Wacheke. Nusu wakili ni wakili zaidi ya kinyozi mzima.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala kitandani kwangu, nimeamka mpya. Nikafungua redio kwa ajili ya habari tu.

Msikilizaji mmoja akauliza: mrithi aliyeikarabati nyumba ya marehemu kwa mikono yake, je, ana lake zaidi ya wenzake? Nikakaa wima. Wakili akasema mchango wa mrithi kama huyo unaweza kutambuliwa wakati wa mgawo.

Nikazima.

Nani amekarabati mlango? Nani aliupiga randa? Shahidi ninaye, Fundi mwenyewe alishika upande wa pili! Dada ana jina lake mahakamani, mimi nina mchango. Tatizo ni kwamba mlango mmoja ni mchango mdogo. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta kingine cha kukarabati. Paa halivuji. Kuta hazina ufa. Baba alijenga nyumba isiyomjali mrithi kabisa.

Nimesimama muda mrefu mbele ya dirisha la chumba cha mbele. Ni zima. Bawaba nzuri, kioo safi, linafunguka kwa kidole kimoja. Kwa jinsi lilivyo, halikarabatiki.

Kupitia ukutani, redio ya Fundi bado inaongea. Nasikia wakili anasema "lakini". Nimejifunika mto masikioni. Kinyozi kaniazima bisibisi kubwa zaidi, na kesho Fundi hafiki hadi saa tatu.